Tunajaribiwa Kila Siku, Ila Hakuna Anayeandika

Ukitaka kupigiwa makofi barazani, sema tu kwamba Wazungu wametugeuza panya wa maabara. Hakuna atakayekuuliza ni Wazungu gani, maabara iko wapi, wala panya ni nani. Kauli hiyo haihitaji ushahidi, inatembea kwa miguu yake yenyewe. Na ikigusa utafiti wa magonjwa ya hisia, yaani sonona na baipola, makofi huwa maradufu, kwa kuwa hapo hofu mbili hukutana: hofu ya dawa ya mgeni na hofu ya kuitwa kichaa.

Wasomi wana toleo lao, lenye koti na tai. Wao husema tusiwe na haraka, wenzetu wamalize majaribio kwao, dawa ikishathibitishwa ndipo ije huku. Nimelisikia kwa madaktari, kwa waandishi wenzangu, kwa mchungaji mwenye shahada mbili na kwa shangazi yangu ambaye hana hata moja, na wote hulisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufikiri. Mimi naona ndilo toleo baya zaidi. Yule wa barazani angalau ana hasira. Huyu wa tai anadhani kwamba asipojiandikisha kwenye jaribio, basi hajaribiwi. Anajaribiwa sana, ila kwake hakuna anayeandika.

Twende kliniki. Simtaji mtu wala mahali, chukua yoyote ya wilaya, siku ya wagonjwa wa akili, benchi limejaa tangu saa moja asubuhi. Mama wa miaka arobaini na kitu halali usiku, chakula hakipiti, mwili unamuuma kila mahali, na amefika hatua ya kutotaka hata kusikia sauti za wanawe. Ameshatibiwa malaria, ameshatibiwa taifodi, ameshaombewa. Leo anaandikiwa amitriptilini. Dirishani anapewa bahasha ndogo ya karatasi, juu yake kwa kalamu: 25 mg, 1x1 usiku. Arudi baada ya mwezi.

Hiyo 25 imetoka wapi? Dawa hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, na vipimo vyake vilipangwa kwa kuangalia miili ya watu wa huko. Ini ndilo linaloivunja, kwa vimeng'enya ambavyo kila mtu amerithi kwa namna yake. Katika miaka ya 1990 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya kimeng'enya CYP2D6 inayofanya kazi polepole, ambayo Waafrika wengi wanayo na Wazungu ni nadra kuwa nayo. Miaka hiyohiyo ikaonekana kwamba Ethiopia ina watu wengi wenye kimeng'enya hicho cha kasi isiyo ya kawaida. Kwa hiyo bahasha ni moja na maandishi ni yaleyale, lakini kwa mmoja dawa inarundikana mwilini na kwa mwingine inaisha kabla haijafanya lolote. Mama akirudi akilalamika kinywa kukauka na kichwa kuwa kizito, ataongezewa au atapunguziwa kwa kukisia. Asiporudi, hakuna atakayejua kama alipona, aliacha, au alifanya lile ambalo daktari aliogopa kumuuliza.

Hilo ni jaribio kamili. Lina mtu, lina dawa, lina matokeo. Kilichokosekana ni ridhaa yake, ni watu wa kulinganisha naye, na ni daftari.

Anayetaka mfano mkubwa kuliko bahasha moja, autafute kwenye kidonge cha efavirenzi. Kwa miaka mingi dawa hii ilikuwa sehemu ya mseto wa kwanza wa kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI katika nchi zetu. Watu waliambiwa waimeze wakati wa kulala, kwa sababu ilileta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Wapo ambao mambo hayakuishia kwenye ndoto: waliamka na huzuni nzito, wasiwasi, wengine mawazo ya kujiua. Ndugu walisema ni mshituko wa kujua hali zao. Wengine walisema ni majini. Dawa ilikuwa imeruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa kipimo cha 600 mg, baada ya kupimwa hasa kwa watu wa Marekani na Ulaya. Tafiti zilizofanyika baadaye Zimbabwe, Uganda na Tanzania zilionyesha kwamba kwetu kuna watu wengi zaidi ambao kimeng'enya chao kinachoivunja, CYP2B6, ni cha polepole, na damu yao hubeba dawa nyingi kuliko inavyohitajika. Mwaka 2014 jaribio la kimataifa lililoitwa ENCORE1, lililohusisha wagonjwa wa Afrika pia, likatoa majibu: 400 mg zinadhibiti virusi sawa na 600, na madhara yanapungua.

Kuanzia 1998 hadi 2014. Huko ndiko "kusubiri wenzetu wamalize" kunakotufikisha. Wenzetu walimaliza, wakathibitisha, wakapitisha, na sisi tukameza kipimo kilichowafaa wao. Hakuna aliyetufanya panya. Tulifanyiwa jambo lenye madhara zaidi: tuliachwa nje ya hesabu, kisha tukakabidhiwa jibu lake.

Najua hapa mtu atanikatiza na kutaja Kano. Ana haki. Mwaka 1996, katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo kaskazini mwa Nigeria, kampuni ya Pfizer iliwapa watoto wapatao 100 dawa mpya, trovafloksasini, na wengine idadi kama hiyo wakapewa dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, katika makundi yote mawili. Wazazi walisema hawakuelezwa sawasawa kilichokuwa kikifanyika, kampuni ikakanusha, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza kesi na Jimbo la Kano. Simwombi mtu yeyote asahau hayo. Namwomba aangalie kilichokosekana Kano ni nini: ridhaa ya kweli, na kamati ya maadili yenye meno. Aliyeibiwa nyumbani huweka kitasa, habomoi nyumba.

Tena dhana kwamba uovu huu ulibuniwa kwa ajili ya mtu mweusi haisimami kwenye historia ya dawa za sonona. Dawa ya kwanza ya kundi ambalo amitriptilini imo iliitwa imipramini, na ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1950 na daktari Roland Kuhn katika hospitali ya Münsterlingen, kijiji cha kando ya ziwa nchini Uswisi. Mwaka 2019 wanahistoria walichapisha uchunguzi kuhusu hospitali ile. Kwa miongo kadhaa, wagonjwa zaidi ya elfu moja, watoto wakiwemo, walikuwa wamepewa dawa zilizokuwa bado hazijaidhinishwa, na mara nyingi hawakuulizwa. Hao walikuwa Waswisi, watoto wa wakulima wa Thurgau. Daktari alikuwa Mswisi mwenzao na kampuni ilikuwa ya Basel, ileile nchi. Wasio na sauti ndio wanaojaribiwa vibaya, rangi yoyote waliyo nayo, na mgonjwa wa akili ana sauti ndogo kuliko wote. Kinachompa sauti ni kanuni za majaribio, zile zile ambazo wanaokataa majaribio hawajawahi kuzisoma.

Sasa nigeukie kundi jingine, la vijana wanaosoma sana mtandaoni. Wao hawasemi tunaonewa. Wao wanasema majaribio yenyewe ni uongo wa makampuni, na dawa za sonona si kitu zaidi ya kidonge cha unga. Wana hoja nusu, na hiyo nusu wanaitumia kubomoa nyumba nzima.

Nusu yao ni hii. Kati ya mwaka 1994 na 1998 kampuni ambayo baadaye iliitwa GlaxoSmithKline ilifanya Utafiti 329, ikiwapa paroksetini vijana wa Marekani na Kanada waliokuwa na sonona. Walikuwa 275, baadhi wakapewa paroksetini, wengine imipramini, wengine kidonge tupu. Mwaka 2001 makala ikachapishwa ikisema paroksetini inawafaa vijana na haina shida kubwa. Haikuwa kweli. Mwaka 2015 watafiti wengine walipata takwimu ghafi, wakazichambua upya na kuchapisha katika jarida la BMJ: dawa ile haikushinda kidonge tupu, na madhara, yakiwemo mawazo na vitendo vya kujidhuru, yalikuwa makubwa kuliko ilivyoelezwa. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 2012, kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 3 kwa makosa mengi, mojawapo likiwa kuinadi dawa hiyo kwa watoto.

Ni kashfa, naam. Lakini angalia imejulikanaje. Imejulikana kwa sababu kulikuwa na jaribio: vijana walihesabiwa, kila malalamiko yaliandikwa, makaratasi yalihifadhiwa, na miaka kumi na nne baadaye mtu mwingine aliweza kuyafungua na kusema mlitudanganya. Uongo wa kwenye daftari unafukulika. Je, yule mama wa bahasha, takwimu zake nani atazifungua mwaka 2040?

Hali ni hiyohiyo kwa matokeo yaliyofichwa. Mwaka 2008 Erick Turner, daktari aliyewahi kufanya kazi katika mamlaka ya dawa ya Marekani, aliangalia tafiti 74 za dawa za sonona zilizosajiliwa na mamlaka hiyo. Kwa hukumu ya mamlaka, 38 zilikuwa na matokeo mazuri, na zote isipokuwa moja zilichapishwa. Nyingine 36 hazikuwa nzuri, na kati ya hizo 22 hazikuchapishwa kabisa, 11 zikachapishwa kwa maneno ya kuzipamba, tatu tu zikasema ukweli. Kilichoruhusu aibu hiyo kuhesabiwa ni sheria ya kusajili jaribio kabla halijaanza. Afrika tunayo sajili kama hiyo, PACTR, yenye makao Cape Town, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuangalia humo nani anajaribu nini, wapi, kwa watu wangapi. Katika mabishano yote ya panya wa maabara niliyoyasikia, sijakutana na mtu mmoja aliyewahi kuifungua.

Na nusu nyingine ya hoja yao imeanguka. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikusanya majaribio 522 yenye watu 116,477, yakiwemo yaliyokuwa hayajachapishwa. Dawa zote 21 zilizopimwa zilishinda kidonge tupu, kwa kiasi cha wastani, si kwa muujiza. Na iliyoongoza kwa nguvu ilikuwa amitriptilini, mkongwe wetu wa bahasha, ingawa madhara yake yaliwafanya wengi waiache. Huo ni ujuzi wenye faida kwa maskini: dawa ya bei ndogo haina sababu ya kuionea haya ile ya bei kubwa. Usingeupata kwa kubishana.

Hapa ndipo watu hukwama kabisa: hicho kidonge tupu. Unampaje mgonjwa kitu kisicho na dawa? Si ni kumdanganya? Jibu la kwanza ni fupi. Katika jaribio halali mgonjwa huambiwa mapema kwamba huenda akapata kidonge tupu, hupangwa kwa kura, na ana ruhusa ya kutoka siku yoyote. Pia Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linaweka mipaka: pale ambapo tiba iliyothibitishwa ipo, kidonge tupu hakitumiki ila kwa sababu nzito, na mgonjwa asiwekwe kwenye hatari ya kudhurika vibaya. Anayetafuta udanganyifu autafute kwenye nguzo za umeme, kwenye vile vibao vya mganga anayetibu mawazo, kurudisha mpenzi na kuvuta fedha, simu moja.

Jibu la pili ni refu, na nitakaa nalo kwa sababu ndilo kiini cha ugomvi wangu. Sonona hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huja kutafuta msaada akiwa amefika chini kabisa, na aliyefika chini kabisa mara nyingi atapanda kidogo hata asipofanyiwa kitu. Kwa hiyo kila anayempa chochote siku hiyo ataonekana amemtibu.

Ushahidi wa hili haukutoka ng'ambo, umetoka Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, sehemu zilizochakazwa na UKIMWI kuliko karibu zote duniani. Mwaka 2002 Paul Bolton na wenzake walichagua vijiji 30, wakavipanga kwa kura. Katika nusu moja, watu wenye sonona walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, kila mara dakika 90, wanaume na wanaume, wanawake na wanawake. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji wa huko, waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza msiba, ugomvi wa ndoa, mabadiliko ya maisha, upweke. Nusu ya pili ya vijiji haikupewa vikundi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2003. Katika vijiji vya vikundi, waliokuwa na sonona kamili walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Katika vijiji visivyopewa kitu walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7.

Rudia namba hizo za mwisho. Watu karibu 40 katika kila 100 walitoka kwenye sonona kamili bila kikundi, bila kidonge, bila mtafiti. Angetokea mtu Rakai mwaka ule akagawa maji ya upako, angepata shuhuda 40 kwa kila wagonjwa 100, zote za kweli, zote zenye machozi, na angejaza uwanja. Ndivyo wanavyojaza. Daktari mwenye dawa isiyofaa kitu angepata shuhuda hizohizo. Ni vile vijiji visivyopewa kitu, ambavyo mtu wa barazani angesema vimeonewa, ndivyo vilivyoonyesha kwamba vikundi vina nguvu halisi, juu ya ile ambayo muda peke yake ungeleta. Bila vijiji hivyo, mazungumzo ya Rakai yangebaki kuwa hadithi tamu kama nyingine.

Jaribio hilo linawajibu pia wale wanaosema kwamba sonona ya Mwafrika ni umaskini tu, mpe hela atapona, utafiti wa nini. Katika wiki zile 16 umaskini wa Rakai haukuondoka. Hakuna aliyefufuliwa. Mashamba yalikuwa yaleyale, mayatima walewale. Lakini watu walisimama, wakarudi shambani, na walipofuatiliwa miezi sita baadaye wengi walikuwa bado wamesimama. Umaskini unazaa sonona, sibishi. Lakini sonona nayo inamzuia maskini kuchukua jembe, na hapo kuna mlango ambao unaweza kufunguliwa hata kabla hela haijaja.

Nikumbushe jambo ambalo wapiga makofi hawalijui. Makampuni makubwa hayako foleni kuja kujaribu dawa za hisia kwetu. Zuranoloni, kidonge cha sonona baada ya kujifungua, kiliruhusiwa Marekani Agosti 2023, kinamezwa kwa siku 14, na bei yake ilitangazwa dola 15,900. Kwa bei hiyo sisi si soko, na kwa kuwa si soko, hakuna anayehangaika kujua kama kitawafaa akina mama waliojifungua wa Singida au Kisii. Tunaogopa kugombewa, kumbe hatutazamwi.

Wanaofanya majaribio ya hisia hapa wana majina tunayoyatamka bila shida. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere aliongoza jaribio la vikundi vya kusaidiana katika vituo vya afya 30 kaskazini mwa Uganda, kwa watu 1,140 wanaoishi na VVU na sonona, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Dixon Chibanda wa Zimbabwe aliwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mgonjwa kulichambua tatizo moja moja. Hakuridhika na sifa za watu. Akapanga zahanati 24 kwa kura, watu 573, na mwaka 2016 akachapisha kwamba miezi sita baadaye waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tom Osborn, Mkenya, na wenzake waliwapima wanafunzi 413 wa sekondari wa Nairobi na Kiambu katika mpango wa Shamiri, unaoongozwa na vijana waliomaliza shule juzi. Kundi la kulinganisha halikuachwa mikono mitupu, lilifundishwa mbinu za kusoma. Nalo lilipata nafuu, ila la Shamiri lilipata zaidi. Nampenda Osborn kwa kulichapisha hilo la kwanza bila kulificha.

Je, hakuna la kulalamikia? Lipo, tena zito, na linanikera kwamba kelele za panya zinalifunika. Fomu ya ridhaa, kwa mfano. Nyingi ni kurasa na kurasa za Kiswahili ambacho hakuna mama wa Kiswahili amewahi kukizungumza, zinasomwa kwa haraka, kidole gumba kinachovywa kwenye wino, shahidi anatia sahihi, basi. Jaribio linaposimamiwa vizuri mgonjwa hupigiwa simu, hupewa nauli, hupokelewa kwa jina lake, kisha siku utafiti unapofungwa anarudishwa kwenye lile benchi la saa moja asubuhi. Wengi hawajui kwamba Azimio la Helsinki linataka mambo ya baada ya jaribio yapangwe kabla jaribio halijaanza, kwa hiyo hawaulizi. Na ni wanakijiji wangapi wameletewa majibu ya utafiti walioutolea mwaka wa maisha yao? Maswali hayo ndiyo ya kumbana nayo mtafiti, na ndiyo ya kuzibana nayo taasisi zinazosimamia utafiti na dawa, NIMR na TMDA kwetu Tanzania au NACOSTI kwa jirani zetu wa Kenya.

Zito kuliko yote ni sheria. Madodoso mengi ya sonona yana swali la kifo: katika wiki mbili zilizopita, umewahi kuona ni afadhali ungekufa, au kufikiria kujidhuru? Hilo ndilo swali linalookoa maisha, kwa sababu jaribio lenye maadili lazima liwe na mtu wa kuchukua hatua saa ileile jibu likiwa ndiyo. Sasa mhojiwa akijibu, mazungumzo yakafika kwenye siku aliyokunywa sumu ya panya akaokolewa na majirani, amekiri kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa. Kenya ilikuwa hivyohivyo chini ya kifungu chake cha 226, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Ridhaa ya namna gani inapatikana kwa mtu anayejua kwamba ukweli wake unaweza kumpeleka polisi? Atasema hapana. Daftari litaandika hapana. Na tutatoa ripoti kwamba watu wetu hawana mawazo ya kujiua, ni imara. Wanaolia kwamba utafiti unatudhalilisha wangeanza na kifungu hicho cha 217 ningewaunga mkono kwa mikono miwili.

Nimalizie na jaribio ambalo hakuna kampuni itakayotuletea. Mwaka 1949 John Cade wa Australia aliwapa lithiamu wagonjwa kumi wenye wazimu wa kupanda, yaani mania, wakatulia. Mwaka 1954 Mogens Schou na wenzake nchini Denmark waliipima tena kwa kulinganisha na kidonge tupu. Mpaka leo ni miongoni mwa tiba bora za baipola, na inahusishwa na kupungua kwa vifo vya kujiua. Ni chumvi, haina hataza, haina mwenyewe. Shida yake ni kwamba kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vinakaribiana, kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara, na mtu anayetoka jasho shambani, anayeharisha au anayefunga anaweza kuzidiwa kwa kipimo kilekile cha jana. Hospitali isiyo na kifaa cha kupima haithubutu kuiandika. Badala yake binti wa miaka ishirini anaandikiwa valproeti, dawa ambayo akishika mimba inaweza kumlemaza mtoto mmoja kati ya kumi, na ambayo Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2023 kwamba wanawake wanaoweza kuzaa wasiandikiwe.

Je, lithiamu kwa kipimo cha chini, na damu kupimwa kwa kifaa kidogo cha mezani, inaweza kutumika salama kwa mkulima wa nchi ya joto? Je, mwezi wa Ramadhani ipangweje? Maswali hayo hayawezi kujibiwa Copenhagen. Hospitali za wagonjwa wa akili, Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala, zina wagonjwa, zina madaktari bingwa, na dawa yenyewe ni rahisi. Zinachohitaji ni wizara tatu za afya kutenga fungu la fedha, kulisajili jaribio kabla mgonjwa wa kwanza hajameza kidonge, na kukubali kwa maandishi kwamba majibu yatachapishwa hata yakiwa mabaya.